Mwanafunzi wa Nyota na Amana ya Ushahidi

Tangu zamani za kale wanadamu wameinua macho kuzitazama nyota. Wakulima wetu walikitazama Kilimia ili wajue majira ya kulima, na manahodha wa pwani waliongozwa na nyota katika safari za usiku. Lakini kuzitumia nyota ni jambo moja. Kuchunguza zimefanywa kwa kitu gani, zawaka kwa nguvu gani na mwisho wake ni nini, ni jambo jingine. Uchunguzi huu wa pili ndio uitwao astrofizikia, yaani fizikia ya nyota. Katika somo hili twataka kueleza mwanafunzi wa elimu hii hufanya nini hasa baada ya kupata digrii yake ya kwanza, na kwa nini kazi yake ni funzo kwa kila mtu atafutaye kweli, hata kama hatashika darubini maisha yake yote.

1. Falaki si ramli

Kwanza yafaa tuondoe kosa moja. Wako wanaodhani kwamba msomi wa nyota ni mtu wa kupiga bao na kutabiri bahati za watu. La, sivyo! Mpiga ramli husema neno lisiloweza kupimwa, na likikosa kutimia hutafuta udhuru. Mwanafalaki husema neno lenye hesabu, kisha huwaita wenzake waje walipime. Wakilikuta si sahihi, hana budi kuliacha.

2. Tofauti ya madaraja mawili

Katika digrii ya kwanza mwanafunzi husoma mambo yaliyokwisha julikana: hisabati, fizikia, mwanga, joto na mwendo wa vitu. Maswali anayoulizwa yana majibu, na mwalimu anayo majibu hayo. Katika digrii ya pili, na zaidi katika digrii ya udaktari, hali hubadilika. Hupewa swali ambalo hata mwalimu wake hajui jibu lake. Huko Uingereza kazi hiyo huchukua kwa kawaida miaka mitatu au minne. Marekani huchukua mitano au zaidi, kwa kuwa huanza na masomo ya darasani. Mwishoni huandika tasnifu, na wataalamu humsaili juu ya kila alilodai: Wajuaje? Umepima kwa nini? Je, huenda kukawa na sababu nyingine?

Basi elimu hii haimtaki mtu mwenye akili tu, bali yamtaka mtu mwaminifu. Hesabu alizozipata ni amana mikononi mwake. Tuitazame mifano miwili.

3. Mfano wa kwanza: Jua limefanywa kwa kitu gani?

Cecilia Payne alizaliwa Uingereza mwaka 1900, akasoma katika Cambridge. Zama hizo chuo hicho hakikuwapa wanawake digrii. Hakikuanza kuwapa mpaka mwaka 1948. Kwa hiyo mwaka 1923 alivuka bahari akaenda Marekani, kwenye kituo cha falaki cha Harvard.

Mwanga wa jua ukipitishwa katika kioo cha pembe tatu hutawanyika kuwa rangi mbalimbali, na ndani ya rangi hizo huonekana mistari myeusi. Kila elementi ina mistari yake, kama vile kila mtu alivyo na alama za vidole vyake. Wataalamu waliona katika jua mistari mingi ya chuma na ya madini mengine yapatikanayo duniani, wakahitimu kwamba jua limefanywa kwa mchanganyiko uleule wa dunia.

Payne alitumia nadharia ya Meghnad Saha, mtaalamu wa Kihindi, iliyotokea mwaka 1920. Nadharia hiyo yaonyesha kwamba nguvu ya mistari haitegemei wingi wa elementi peke yake, bali hutegemea pia joto. Katika joto la uso wa jua, ambalo ni kama digrii 5,500 za Selsiasi, ni sehemu ndogo mno ya atomi za haidrojeni zilizo katika hali ya kutoa mistari ionekanayo kwa macho. Na juu ya hayo mistari yake yaonekana wazi! Maana yake ni moja tu: haidrojeni yenyewe imo kwa wingi usio na kifani. Payne akapiga hesabu, akaona kwamba nyota zimefanywa hasa kwa haidrojeni, na baada yake heli.

Tasnifu yake ilipopelekwa kwa Henry Norris Russell wa Princeton, mmoja wa wanafalaki wakuu wa zama hizo, yeye alijibu kwamba jambo hilo haliwezekani. Mwanafunzi angefanya nini? Mbele yake alikuwa bingwa, na mustakabali wake ulikuwa mikononi mwa watu wa namna hiyo. Katika tasnifu ya mwaka 1925 aliandika kwamba wingi huo, yumkini, si wa kweli. Lakini tazama jambo moja: hesabu zenyewe hakuzifuta. Alizichapa katika jedwali kama alivyozipata, ili kila mwenye macho azione.

Ilipofika mwaka 1929, Russell mwenyewe, kwa njia nyingine, alifikia matokeo yaleyale, akakiri kwamba Payne alikwisha yapata. Leo twajua kwamba karibu robo tatu ya uzito wa jua ni haidrojeni, na karibu robo ni heli. Vitu vingine vyote havifiki sehemu mbili katika mia. Mwaka 1956 Payne alifanywa profesa kamili katika Harvard.

4. Mfano wa pili: alama ndogo katika karatasi

Jocelyn Bell, mzaliwa wa Ireland ya Kaskazini, alianza masomo ya udaktari katika Cambridge mwaka 1965 chini ya Antony Hewish. Miaka miwili ya kwanza haikuwa ya vitabu tu. Yeye na wenzake walijenga darubini ya redio katika shamba la eka nne na nusu, wakasimamisha nguzo zaidi ya 1,000 na kufunga nyaya kwa mikono yao. Ilipoanza kazi mwaka 1967, kalamu za mashine zilichora karibu mita 30 za karatasi kila siku, naye akizipitia kwa macho.

Mnamo Agosti 1967 aliona alama ndogo isiyofika hata inchi moja. Haikufanana na nyota alizozijua, wala na kelele za mitambo ya wanadamu. Mtu mvivu angeipita. Yeye alikumbuka kwamba amepata kuiona kabla, katika sehemu ileile ya mbingu. Tarehe 28 Novemba waliirekodi kwa kasi zaidi, ikaonekana kuwa ni mapigo yanayofuatana kwa utaratibu, kila baada ya sekunde 1.33 hivi.

Wengine walifanya mzaha kwamba ni viumbe wa sayari nyingine wanaotuma salamu. Je, walikimbilia magazeti? Hapana. Walipima kwanza. Alama ilirudi kila baada ya saa 23 na dakika 56, ambao ni mzunguko wa nyota, siyo saa 24 za mitambo ya watu. Darubini nyingine nayo ikaipata. Usiku wa tarehe 21 Desemba Bell akapata chanzo cha pili, upande mwingine wa mbingu. Si rahisi makabila mawili ya viumbe walio mbalimbali watume ishara ya namna moja kwa wakati mmoja. Habari ilichapishwa Februari 1968. Hizo ndizo pulsa: nyota za nyutroni, zilizo nzito kuliko jua, na upana wake ni kama kilomita 20 tu.

Mwaka 1974 Tuzo la Nobel kwa ugunduzi huo lilipewa Hewish, wala Bell hakutajwa katika tuzo. Wengi waliona uchungu kwa ajili yake, lakini yeye alisema hadharani kwamba hakuudhika. Mwaka 2018 alipopewa tuzo nyingine ya dola milioni 3, alizitoa zote ziwasomeshe wanafunzi wa udaktari wa fizikia kutoka katika makundi yenye wachache katika elimu hiyo.

Pwani yetu nayo ina fungu katika habari hii. Miale ya eksirei itokayo kwa nyota huzuiwa na hewa ya dunia, kwa hiyo chombo hakina budi kupelekwa juu yake. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha uhuru wa Kenya, satelaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahususi kwa kazi hiyo ilirushwa kutoka jukwaa lililo baharini karibu na Malindi, ikaitwa kwa neno la Kiswahili: Uhuru. Ndiyo iliyogundua kwamba chanzo kiitwacho Centaurus X-3 hupiga kila baada ya sekunde 4.8 hivi, nacho pia ni nyota ya nyutroni.

5. Swali na jibu

Huenda mtu akauliza: Je, mwanafunzi amkaidi mwalimu wake? Jibu letu ni kwamba adabu na ushahidi havigombani. Mwalimu ana haki ya kusikilizwa, kwa kuwa mara nyingi shaka yake humwokoa mwanafunzi na aibu. Lakini heshima haimpi mtu ruhusa ya kufuta kilichoonekana. Sema kwa upole, “Mzee wangu, huenda nimekosea, lakini hizi ndizo hesabu.” Ikiwa umekosea, zitakuumbua; ikiwa umepata, zitakutetea hata ukiwa umenyamaza.

Mwingine aweza kuuliza: Elimu hii yaleta chakula gani nyumbani? Ajifunzaye kuitambua ishara dhaifu katikati ya kelele, na kuzipanga hesabu nyingi katika kompyuta, amepata ustadi unaotakiwa katika kazi nyingi. Wala si lazima avuke bahari. Tangu mwaka 2003 Afrika Kusini ina mpango wa kufundisha astrofizikia baada ya digrii ya kwanza, ulioanzia Chuo Kikuu cha Cape Town. Na katika nyika ya Karoo iko darubini ya redio ya MeerKAT, yenye masufuria 64, iliyozinduliwa mwaka 2018.

6. Mafunzo ya kukumbuka

Kwanza, usipuuze alama ndogo kwa sababu tu haikubaliani na ulichozoea. Pili, usiitangaze kabla ya kuipima, hata kama yapendeza na kuunga mkono matamanio yako. Tatu, ukishaipima, usiifiche kwa kumwogopa mkubwa.

Ewe msomaji unayeichunguza njia yako, huenda nawe unaambiwa na uwapendao kwamba ulichokiona hakiwezekani. Usiwajibu kwa hasira, wala usijidanganye kwa haraka. Rudi kwenye ushahidi, upime tena mchana na usiku, kisha uuweke wazi. Jua lilikuwa limefanywa kwa haidrojeni kabla ya mabingwa kulikubali, na halikubadilika hata kidogo kwa kukataa kwao.