Fidia kwa Mfanyakazi Aliyeumia Kazini

Swali: Kibarua wa msimu katika kiwanda cha kuchambua pamba, Bariadi, amekatwa vidole viwili na mashine. Mwajiri anadai hana haki kwa kuwa hana mkataba wa maandishi. Jadili.

Jibu: Ana haki. Zingatia:

(a) Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi, Sura ya 263, inatambua hata mkataba wa mdomo.

(b) Mlipaji ni Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF). Michango hutolewa na mwajiri, mshahara haukatwi.

(c) Mafao ni pamoja na matibabu na malipo ya ulemavu wa muda au wa kudumu.

(d) Dai liwasilishwe ndani ya miezi 12.

Angalizo: Usiandike "mwajiri amwonee huruma." Fidia ni haki, si hisani.