Nimerudi Nyuma: Je, Wokovu Umepotea?

SWALI: Mchungaji, niliokoka nikiwa sekondari. Baadaye nikarudia pombe. Wapendwa wananiambia wokovu umeshapotea. Ni kweli?

JIBU: Wapendwa wako wameharakisha. Makanisa yenyewe hayakubaliani. Sinodi ya Dort, mkutano wa makanisa ya Kireformed uliofanyika Uholanzi mwaka 1618 hadi 1619, iliamua kwamba aliyezaliwa mara ya pili kwa kweli atalindwa na Mungu hadi mwisho, ikiegemea Yohana 10:28. John Wesley, mwanzilishi wa Umethodisti, kwa upande wake, alifundisha kwamba mwamini anaweza kuiacha imani na kupotea. Waebrania 6:4-6 kwake ni onyo kwa watu waliookoka kweli, si kwa wanafiki. Mimi naona onyo lile ni zito mno kulifanya la kutishia tu.

Lakini soma vizuri anaonywa nani: anayemwacha Kristo kabisa na kumpa kisogo, si anayeanguka na kuumia moyoni. Mwangalie Petro. Alimkana Bwana mara tatu akiota moto wa makaa uani kwa kuhani mkuu. Katika Yohana 21 yupo tena mbele ya moto wa makaa, ufukweni, anaulizwa mara tatu kama anampenda Yesu, na kila mara anakabidhiwa kundi. Haambiwi aanze upya kama mgeni.

Swali lako lenyewe linaonyesha hujampa Kristo kisogo. Tubu, umtafute mzee wa kanisa unayemwamini umweleze habari ya pombe waziwazi, na Jumapili hii uende ibadani.