Wagonjwa wameongezeka, au waliopimwa ndio walioongezeka?

Msomaji, bila shaka unazikumbuka jioni za mwaka 2020. Watu walikaa mbele ya televisheni au redio kumsubiri Waziri wa Afya, Bw Mutahi Kagwe, au wasaidizi wake, watangaze hesabu ya siku: sampuli kadhaa zimepimwa katika saa 24 zilizopita, watu kadhaa wamepatikana na virusi vya corona, kadhaa wamefariki. Huku Makadara na Mji wa Kale hesabu hiyo ilijadiliwa dirisha kwa dirisha, maana kukaa barazani kulikuwa kumekatazwa. Mmoja alisema namba zimepanda, tumekwisha. Wa pili alisema zimepanda kwa sababu wanapima sana. Wa tatu, na wa namna yake hawakuwa wachache, alisema namba zote ni za kutungwa ili wakubwa wapate fedha za wafadhili.

Nani kati yao alisema kweli? Corona si dharura ya dunia tena. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitangaza hivyo Mei 5, 2023. Swali lenyewe hata hivyo halijafa. Lilirudi Julai 2024, mgonjwa wa kwanza wa mpox nchini alipopatikana Taveta, na hurudi kila homa ya dengi inapozuka Mombasa. Somo letu la wiki hii, basi, ni namna ya kusoma hesabu ya maradhi, na tutajifunzia kwa yaliyotupata wenyewe.

Wavu na samaki

Idadi ya waliopatikana na virusi hutegemea mambo mawili: virusi vimeenea kiasi gani, na wewe umevitafuta kiasi gani. Mvuvi akirudi na samaki watano huwezi kusema bahari imekauka kabla ya kumwuliza alitumia wavu gani na alikaa baharini saa ngapi.

Chukua mfano mwepesi wa kubuni. Jumatatu wamepimwa watu 1,000 na 50 wakapatikana na virusi. Ijumaa wamepimwa watu 200 na 30 wakapatikana. Redio itatangaza kwamba visa vimeshuka kutoka 50 hadi 30, na jirani yako atashusha pumzi. Lakini piga hesabu tena. Jumatatu ni watu 5 katika kila 100 waliopimwa. Ijumaa ni 15 katika kila 100. Ugonjwa yamkini unaenea, ila wavu ndio uliopunguzwa. Ndiyo sababu Mei 2020 WHO ilizishauri serikali zisilegeze masharti mpaka kiwango hicho kishuke chini ya 5 kwa mia na kikae hapo wiki mbili.

Hata kiwango hicho kina mtego wake. Ni nani waliopimwa? Kuanzia Mei mwaka huo madereva wa malori yanayotoka bandarini walitakiwa kuwa na cheti cha kuonyesha hawana virusi kabla ya kuvuka mpaka wa Malaba au Busia. Hao walikuwa watu wazima wenye nguvu zao, wanaopimwa kwa sababu ya kazi na si kwa sababu ya kukohoa. Ukiwajumlisha kwa wingi, kiwango kinashuka. Ukipima wagonjwa waliolazwa peke yao, kinapanda. Hesabu zote mbili ni za kweli, na zote mbili zinaweza kukupoteza njia usipojua zilikotoka.

Wakati ule wavu wenyewe haukuwa mkubwa. Kipimo kilichotegemewa kilikuwa kile cha PCR: kijiti chenye pamba huingizwa puani au kooni, kisha mashine hutafuta chembe za asili za virusi na kuzizidisha mara nyingi hadi zionekane. Kinahitaji mashine, mafundi, na dawa za maabara ambazo dunia nzima ilikuwa ikizigombania. Sampuli nyingi za Pwani zilipelekwa maabara ya KEMRI iliyoko Kilifi, kama kilomita 60 kutoka kisiwani. Basi yule wa pili wa dirishani alikuwa na hoja, ila aliiacha nusu njia: kama kupima sana kunaongeza visa, kupima kidogo kunavificha.

Kwa nini watu walijificha

Mei 6, 2020, katikati ya Ramadhani, serikali ilipiga marufuku kuingia wala kutoka Mji wa Kale hapa Mombasa, na Eastleigh kule Nairobi, kwa siku 15. Amri ikaongezwa muda, ikaondolewa mwanzoni mwa Juni. Sababu iliyotolewa ni kwamba visa vilikuwa vikiongezeka katika mitaa hiyo, na wakazi walikuwa hawajitokezi kupimwa.

Hapa ndipo wataalamu na wananchi walipopishana. Kwa daktari kipimo ni taa ya kumulikia njia. Kwa mama wa Makadara anayeishi na watu wanane katika vyumba viwili, kipimo kilikuwa ni gari la wizara kusimama mlangoni mchana kweupe, mume kuchukuliwa, na nyumba kunyooshewa vidole. Juu ya hayo, katika wiki za mwanzo waliowekwa karantini walitakiwa kulipa gharama wenyewe, katika vituo vingine shilingi 2,000 kwa siku. Siku 14 ni shilingi 28,000. Mchukuzi au mama mwenye meza ya kuuza mahamri angezitoa wapi? Serikali ilikubali kubeba gharama katika vituo vyake mwanzoni mwa Mei, lakini habari njema hutembea polepole kuliko mbaya, na hofu ilikuwa imekwisha kuota mizizi.

Mwandishi wa safu hii haoni kwamba watu wale walikuwa wajinga. Walipima faida na hasara kama afanyavyo kila mtu. Kosa lilikuwa kufanya jibu la maabara lifanane na hukumu ya mahakama. Juni 2020 wizara ilipotoa mwongozo wa kuwauguza nyumbani wenye dalili nyepesi, sehemu kubwa ya hofu hiyo ilikosa msingi. Laiti mwongozo huo ungekuja Aprili!

Damu ilisema nini

Je, kuna njia ya kujua ukweli bila kuwangoja watu wajitokeze? Ipo. Mwili ukishapambana na virusi huacha askari katika damu, na askari hao wanaweza kutafutwa hata wiki kadhaa baada ya mtu kupona, awe aliugua au hakuhisi chochote. Watafiti wa KEMRI na Wellcome Trust wa Kilifi walichukua damu iliyotolewa na watu wa kujitolea kwa ajili ya kuongezewa wagonjwa hospitalini, kati ya Aprili 30 na Juni 16, 2020, wakapima sampuli 3,098 kutoka sehemu mbalimbali za nchi. Baada ya kusahihisha hesabu kulingana na umri, jinsia na mahali, na makosa ya kipimo chenyewe, walikadiria kwamba watu 4.3 katika kila 100 walikuwa wameshapatwa na virusi. Nairobi ilikuwa 7.3. Mombasa ndiyo iliyoongoza kwa 8.0.

Linganisha sasa. Mwisho wa Mei, visa vilivyokuwa vimetangazwa Kenya nzima vilikuwa kama 2,000. Kwa kipimo cha damu, hata ukiwahesabu wa umri wa miaka 15 hadi 64 peke yao, walioambukizwa nchini walizidi milioni moja, na katika kaunti yetu walikuwa makumi ya maelfu. Virusi vilikuwa vimeshapita katika vichochoro vya Mji wa Kale, na kwa Wakenya wengi, ambao ni vijana, vilipita kama mafua tu.

Hili halikuwa jipya Mombasa. Dengi ilipozuka mwaka 2013, watafiti walipita nyumba kwa nyumba mtaani Tudor wakapima watu 1,500. Kama 13 katika kila 100 walikuwa na dalili katika damu ya kuambukizwa. Nani aliwaona hao wote katika orodha za zahanati?

Kwa hivyo yule wa tatu wa dirishani aliyesema namba ni za kutungwa alikosea, na alikosea kinyume na alivyodhani: namba zilikuwa ndogo kuliko ukweli. Tusimlaumu mno. Miezi michache baadaye zilifichuka kashfa za ununuzi wa vifaa vya corona katika shirika la KEMSA, zikihusu mabilioni ya shilingi, na mwenye shaka akapata la kusema. Lakini wizi wa fedha za barakoa hauthibitishi kwamba hakuna ugonjwa. Jirani zetu wa Tanzania walitoa hesabu yao ya mwisho mwishoni mwa Aprili 2020, wagonjwa 509 na vifo 21, na Mei 3 Rais John Magufuli akatilia shaka maabara, akisema sampuli za papai na mbuzi zimeleta majibu ya kuwa na virusi. Maabara inayoshukiwa hukaguliwa na vipimo vikarudiwa. Badala yake hesabu zilikoma kwa zaidi ya mwaka mzima.

Kitanda hakimwuguzi mtu

Ikiwa maelfu waliambukizwa bila kujua, kwa nini basi kuhangaika? Kwa sababu ya wachache. Mzee mwenye sukari, mama mwenye presha, mtu mnene mwenye moyo dhaifu: hao ndio waliokata pumzi, na hao ndio waliohitaji hospitali. Hesabu ya kuangalia sana, basi, ni ya waliolazwa, ya wanaopumulia oksijeni, na ya waliokufa. Hizo hazibadiliki ovyo kwa sababu maabara imeishiwa dawa. Zina upungufu mmoja kwetu: mgonjwa akifia nyumbani na kuzikwa siku hiyo hiyo, kama ilivyo desturi, bila daktari kumwona, chanzo cha kifo chake hakijulikani kamwe.

Hapa Mombasa, Chuo Kikuu cha Kiufundi (TUM) kiligeuzwa kituo cha kutengea wagonjwa chenye vitanda 300, na hospitali ya Coast General, ambayo wenyeji wengi bado huiita Makadara, ikabeba wagonjwa mahututi. Vitanda 300 vinaonekana vingi kwenye picha ya gazeti. Lakini kitanda ni mbao au chuma na godoro. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulihesabu vitanda 537 vya wadi za wagonjwa mahututi katika Kenya nzima, na mashine za kusaidia kupumua 256. Kati ya kaunti 47, ni 22 tu zilizokuwa na wadi ya namna hiyo. Na nyuma ya kila mashine anatakiwa muuguzi aliyefunzwa, mchana na usiku. Desemba 2020 wauguzi na maafisa wa kliniki walipogoma, vitanda vilikuwa palepale vilipowekwa.

Utafiti mwingine, wa hospitali 64 katika nchi 10 za Afrika, Kenya ikiwemo, uliwafuatilia wagonjwa mahututi 3,077 wa corona. Karibu nusu yao walifariki katika siku 30. Kwingineko duniani wastani ulikuwa kama thuluthi. Upungufu wa vifaa na wataalamu ulichangia, na kwa mgonjwa anayefika amekwisha kuzimia, hata vifaa vikiwepo, kazi ni ngumu.

Tatizo la ugonjwa huu ni kwamba oksijeni huweza kushuka mwilini huku mtu akiendelea kuzungumza na kunywa chai yake. Wanaomzunguka husema ana mafua. Ndiyo maana ukiwa na mzee mgonjwa wa kifua nyumbani, iwe ni corona, homa ya mapafu au maradhi mengine, inafaa kuazima au kununua kile kifaa kidogo cha kubana kidoleni. Mtu mzima aliye mzima husoma 95 na zaidi. Ikishuka chini ya 94, mpeleke akaonwe siku hiyo. Chini ya 90 ni dharura, usingoje kupambazuke. Mwenye maradhi ya mapafu ya siku nyingi huwa na kiwango chake, kiulizwe kwa daktari wake. Mpime akiwa ametulia, mkono ukiwa na joto, na usubiri namba itulie. Kwenye ngozi nyeusi kifaa hiki wakati mwingine husoma juu kidogo kuliko hali ilivyo, kwa hivyo ukiona anahema kwa haraka au midomo inabadilika rangi, liamini jicho lako kuliko namba. Na kama ni mama aliyetoka harusini, usikibane kwenye kidole chenye piko nyeusi au rangi ya kucha, kwa kuwa mwanga wa kifaa huzuiwa na namba huwa si ya kutegemewa. Tafuta kidole kisichopakwa, na ukikosa, mbane kwenye ncha ya sikio kwa kifaa kilichotengenezwa kwa ajili hiyo, ambacho zahanati nyingine huwa nacho.