Somo: Kuhesabu Gharama Kabla ya Kusoma Kompyuta

Soma kwanza Luka 14:28–30 na Kutoka 31:1–6.



Bwana wetu alisema habari za mtu atakaye kujenga mnara. Yampasa kwanza aketi na kuhesabu gharama, asije akaweka msingi tu, kisha wapita njia wakamcheka. Katika mitaa yetu wako wazazi wanaouza ng'ombe au kiwanja ili kijana aende mjini "kusoma kompyuta". Nia ni njema. Lakini ukiwauliza ni mnara gani wanaojenga, wengi hawana jibu.

Kompyuta si kazi moja. Yuko fundi anayefungua mashine na kuitengeneza. Yuko anayeunganisha mitandao ya ofisi na mabenki, yuko anayeandika programu, na yuko anayelinda taarifa zisiibwe. Hata Bezaleli, aliyejazwa ujuzi wa dhahabu, mawe na miti, alipewa Oholiabu wa kufanya kazi pamoja naye. Basi kijana aulizwe kwanza anapenda kazi ipi, ndipo itafutwe shule. Mwandika programu hupimwa sana kwa kazi alizokwisha kuzifanya kwa mikono yake. Fundi wa mitandao mara nyingi huulizwa cheti.

Na hapo kwenye vyeti ndipo fedha za watu zinapopotelea, maana karatasi zote zina muhuri na zote zinang'aa. Kuna cheti cha kuhudhuria, ambacho hutolewa baada ya majuma machache. Hicho chasema tu kwamba kijana alikuwapo darasani. Ni tofauti kabisa na cheti kinachotambuliwa na serikali. Hapa Tanzania vyuo vya ufundi husimamiwa na baraza la NACTVET, na masomo hupanda kwa ngazi: ya 4 na ya 5 ni za astashahada, ya 6 ni stashahada. Kijana wa kidato cha nne hutakiwa awe amefaulu angalau masomo manne yasiyo ya dini. (Kwa hiyo Maarifa ya Biblia, ingawa yana faida kubwa kuliko zote, hayahesabiwi hapo.) Kabla ya kulipa hata shilingi moja, tafuta jina la chuo katika orodha ya NACTVET. Tazama pia kama kozi yenyewe imo, kwa kuwa chuo chaweza kusajiliwa kwa fani moja na kutangaza nyingine.

Kisha viko vyeti vya kimataifa, ambavyo hupatikana kwa kufaulu mtihani, popote ulipojifunzia. Anayeanza ufundi wa kompyuta huweza kufanya A+ ya CompTIA, iliyoanza mwaka 1993 na yenye mitihani miwili. Wa mitandao hufanya CCNA ya Cisco. Mtihani wake mpya ulipoanza mwaka 2020, ada ilikuwa dola 300 za Marekani, nje ya kodi, na anayeshindwa hulipa tena yote. Vyeti hivi viwili hudumu miaka mitatu, kisha sharti vihuishwe. Waliofaulu A+ kabla ya mwaka 2011 walipewa cha maisha, lakini mlango huo ulifungwa. Cheti cha mwanzo cha Linux Essentials hakiishi muda wake, na LPIC-1 hudumu miaka mitano. Gharama ya kuhuisha nayo ni sehemu ya mnara. Ihesabiwe tangu mwanzo.

Tena, masomo yenyewe si lazima yawe ya fedha nyingi. Cisco ina mafunzo yake, yaliyoanza mwaka 1997, na baadhi ya kozi za mwanzo hutolewa bure kwa intaneti. Kwa maoni yangu, kijana ajaribiwe huko kwa miezi miwili kabla ng'ombe hajatoka zizini. Akichoka katika juma la pili, ng'ombe bado yupo.

Neno moja zaidi, na hili ni la dhamiri. Wako wanaouza maswali ya mitihani yaliyoibwa, na vijana wetu huyanunua wakidhani ni "kujiandaa". Ni wizi. Wenye mitihani hiyo huweza kufuta cheti cha aliyefanya hivyo na kumzuia asirudi. Lakini hata asipogunduliwa, siku mtandao wa hospitali utakapokatika usiku, naye ndiye fundi wa zamu, atafanya nini?

Maswali ya kuzungumza katika familia na katika Umoja wa Mama: Mwana wetu anataka kazi ipi hasa katika kompyuta? Ni nani katika parokia yetu afanyaye kazi hiyo, tukamwombe akae naye siku moja? Na ada ya mtihani, tofauti na ada ya chuo, itatoka wapi?