Ijue Kaunti Yako ya Kwale
Na Karani wa Ofisi ya Kilimo, Mackinnon Road

Mkulima mmoja wa skimu aliniuliza, "Bwana Karani, baba yangu alitoka Ukambani. Siku ya hesabu ya watu, mimi nihesabiwe wapi?" Kabla ya kujibu, yafaa kwanza tuijue nchi tunayoilima.

NCHI. Kwale ina kilomita za mraba 8,270 hivi. Mashariki iko Bahari ya Hindi, kusini Tanzania, magharibi Taita Taveta, na kaskazini Kilifi na Mombasa. Pwani ya Diani na Msambweni hupata mvua ya kutosha, na minazi na mikorosho husitawi. Nyuma yake ni vilima vya Shimba, kisha nyika ya Kinango mpaka huku Mackinnon Road. Nyikani mvua ni haba, na mifugo ndiyo akiba ya watu.

HISTORIA. Jina la Mackinnon Road latokana na Sir William Mackinnon, mkuu wa kampuni ya Kiingereza iliyopewa hati mwaka 1888. Kampuni hiyo ilianza kukata barabara ya kwenda bara mwaka 1890. Reli ilianzwa Mombasa mwaka 1896, ikapita hapa. Katika miaka ya 1950 wakulima Wakamba walianza kupewa mashamba Shimba Hills. Kenya ilipata uhuru mwaka 1963, na serikali za kaunti zilianza kazi mwaka 2013.

WATU. Wadigo na Waduruma ndio wengi. Pamoja nao wako Wakamba, Waswahili, na Wamakonde waliotambuliwa kuwa kabila la Kenya mwaka 2017. Mwaka 2009 tulikuwa 649,931; mwaka 2019 tukawa 866,820. Watu 216,889 wameongezeka, lakini ardhi haikuongezeka hata shubiri moja.

Sasa jibu. Mtu huhesabiwa pale alipolala usiku wa hesabu, si alikozaliwa baba yake. Serikali ikigawa fedha kwa kaunti, hutazama pia idadi ya watu. Basi ukisafiri kwenda kwenu usiku ule, utahesabiwa huko, na zahanati ya hapa itapangwa kana kwamba wewe hupo, ingawa watoto wako hutibiwa hapo.

MASWALI. 1. Kwale imepakana na nani? 2. Watu waliongezeka wangapi kati ya 2009 na 2019? 3. Nyumbani kwako mnalala watu wangapi? Mwulize mwanao aandike majibu.