Mdogo wangu anapanda jukwaani, na mimi nimo katika hadithi yake

Shangazi, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Nakuru, mtoto wa kwanza kwetu. Mdogo wangu, kitinda mimba wetu, anaishi Nairobi. Ni shoga. Mimi nimejua kwa muda. Mama pia anajua, ila nyumbani jambo hilo halizungumzwi. Juzi alinipigia simu akanialika kwenye usiku wa masimulizi ambapo makuchu wenzake, yaani mashoga na wasagaji, hupanda jukwaani kueleza yaliyowapata. Wengine huimba, wengine hughani mashairi, na kuna wanaume watakaovaa magauni na kucheza. Yeye atasimulia kwa mara ya kwanza. Je, kuhudhuria si kuvunja sheria? Polisi wakivamia itakuwaje, nami ni mwajiriwa wa TSC, tume ya walimu? Watakaoniona hapo si watasema nami ni msagaji? Mama nimwambie au nisimwambie? Isitoshe, ameniambia nami nimo katika hadithi yake, siku ile mama alipomleta mchungaji amwombee na mlango nikaushika mimi. Sijui kama niende.
– Dada Mkubwa, Nakuru

Mwanangu, maswali yako manne umeyatia alama ya kuuliza. Habari ya mlango umeitupia mwishoni, haina hata alama, na kwa macho yangu hiyo ndiyo barua yenyewe. Nitaifikia. Kwanza tuyamalize ya polisi, maana hayo yana majibu.

Kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu kinaadhibu ngono inayoitwa kinyume cha maumbile, kwa kifungo cha hadi miaka 14. Kile cha 165 kinawahusu wanaume wawili, hadi miaka 5. Mei 24, 2019, Mahakama Kuu ilikataa kuvifuta. Lakini vyote viwili vinahusu tendo. Kukaa kitini ukamsikiliza mtu akieleza maisha yake hakumo, na kusimulia pia hakumo. Februari 2023 Mahakama ya Juu, majaji watatu dhidi ya wawili, iliamua kwamba shirika la kutetea haki za mashoga na wasagaji haliwezi kunyimwa usajili kwa sababu ya watu linaowatetea. Ungeniandikia kutoka Kampala ningekujibu vingine kabisa, kwa kuwa sheria ya Uganda ya 2023 inaadhibu hata kile inachokiita kueneza ushoga, kwa kifungo cha hadi miaka 20.

Kwetu Kenya shida hupitia mlango wa leseni. Oktoba 2014 filamu ya Stories of Our Lives, ambayo kundi la wasanii la Nest Collective liliitengeneza kutokana na maelezo ya Wakenya wenyewe, ilipigwa marufuku, na mtayarishaji wake George Gachara akakamatwa kwa madai ya kupiga filamu bila kibali. Mwaka 2018 filamu ya Rafiki ya Wanuri Kahiu nayo ikapigwa marufuku, hadi mahakama iliporuhusu ionyeshwe kwa siku saba mwezi Septemba, na watu wakajaa ukumbini Nairobi. Kwa hiyo muulize mdogo wako mambo ya kawaida tu: ukumbi umelipiwa? Una kibali? Waandalizi wana wakili wa kupigiwa simu usiku? Namba ya wakili huyo iandike kwenye karatasi, kwa sababu simu huwa ya kwanza kuchukuliwa. Mambo yakiharibika, Kifungu cha 49 cha Katiba kinakupa haki ya kuelezwa sababu ya kukamatwa, kunyamaza, kuzungumza na wakili, na kufikishwa kortini kabla ya saa 24 kwisha, au siku ya korti inayofuata saa hizo zikiishia wakati korti imefungwa.

Usishangae ukitumiwa jina la ukumbi saa chache kabla ya kuanza, au ukiombwa mlangoni uzime simu. Itikia. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu mwelekeo wa mapenzi wa mtu kuwa taarifa nyeti, na katika kundi hilohilo imeweka majina ya wazazi wake. Video ya sekunde kumi utakayomtumia rafiki yako mmoja wa chuo kwa sababu “amependeza” yaweza kumfukuzisha kazi mtu aliyeketi safu ya mbele. TSC nayo haitajua ulikuwa wapi usiku huo usipojitangaza mwenyewe.

Kuhusu kuonekana: watakaokuona humo ndani ni wale walio humo ndani. Wakidhani wewe ni msagaji, utakuwa umedhaniwa kwa saa tatu kile ambacho mdogo wako amekuwa nacho maisha yote, kisha utapanda matatu urudi Nakuru. Na magauni yasikutishe. Wachekeshaji wetu wameigiza mama mkali wakiwa na wigi na leso kiunoni, na tumewacheka sebuleni pamoja na watoto. Tofauti utakayoiona ukumbini ni kwamba hapo gauni halivaliwi kwa kumdhihaki mwanamke.

Sasa mlango.

Hukueleza ulivyoushika: kama ni kwa nje, ulisikia nini, alikuwa na umri gani. Sihitaji kujua. Naona tu kwamba unaogopa kukaa katikati ya watu wasiokujua na kusikia ukitajwa. Hofu hiyo naielewa, na sitakuambia haitatimia. Masimulizi ya jukwaani yana tabia yake. The Moth, walioanza New York mwaka 1997 na kuueneza mtindo huu mbali, hutaka hadithi iwe ya kweli, aisimulie mwenyewe iliyempata, bila karatasi mkononi, na katika mashindano yao msimulizi hupewa takriban dakika tano. Sijui ukumbi wa mdogo wako utampa ngapi, lakini hazitatosha kumweleza dada mzima. Karo uliyomlipia haitakuwamo. Viatu ulivyomnunulia akiingia kidato cha kwanza havitakuwamo. Mlango utakuwamo. Ukienda ukitarajia haki itendeke kwako, utatoka umenuna, na usiku wake utakuwa umemharibikia.

Wala usimwombe aukate. Siku ile ilimtokea yeye kabla haijakutokea wewe. Unachoweza kumwomba ni kidogo na ni halali: asitaje majina, mtaa, wala kanisa, kwa sababu mama hajakubali kutajwa na Nakuru ni mji wa watu wanaojuana. Msimulizi anayeijua kazi yake anaweza kusema “mama” na “dada yangu”, na hadithi isipungukiwe kitu. Mwombe pia akusimulie kwanza, ninyi wawili tu. Akikataa, mwache. Wengine hawawezi kuisema hadithi mara mbili.

Kama una neno la kumwambia kuhusu mlango ule, mwambie wiki hii. Usilibebe hadi siku yenyewe. Mtu anayesubiri kuitwa jukwaani ana maneno yake kichwani ameyapanga. Ukimwangukia hapo na machozi yako, itabidi akubembeleze wewe, naye ndiye anayetetemeka. Mpigie simu jioni moja. Sema ulichofanya kwa jina lake, bila “lakini nilikuwa mdogo” na bila “lakini mama alinilazimisha”, hata kama yote mawili ni kweli. Kisha nyamaza umsikilize. Usimuulize kama sasa atabadilisha mwisho wa hadithi.

Mama usimwambie. Habari ya usiku huo ni ya mdogo wako, na ndiye atakayechagua siku ya kumwambia. Mama akikuuliza waenda wapi, mwambie unakwenda Nairobi kumwona mdogo wako, hujadanganya. Lakini kwa kuwa nyumbani jambo lenyewe halizungumzwi, nakuomba umkumbuke mwandishi Binyavanga Wainaina, mzaliwa wa huko kwenu Nakuru. Januari 2014 alichapisha insha ya kujitangaza kuwa shoga, akaiandika kama anayemnong'onezea mama yake mgonjwa kitandani. Mama huyo alikuwa amefariki mwaka 2000. Hakuwahi kumwambia akiwa hai, ikabidi abuni mazungumzo ambayo hayakuwahi kuwapo, na mwaka 2019 naye akatutoka. Simaanishi umshinikize mdogo wako aende kwa mama. Ila siku akikuuliza, “Dada, tuzungumze naye?”, usiwe wewe wa kujibu haraka kwamba bado.

Kanisa lako linasema nini sikukuuliza, na mdogo wako hakukualika kutoa mahubiri wala kupiga kura. Amekualika usikilize. Sisi tumelelewa na hadithi za jioni ambamo msikilizaji ana kazi: msimulizi akianza na paukwa, asipojibiwa pakawa hasongi mbele. Ukumbini pia watu huitikia, hucheka, humwita msimulizi jina akikwama. Nawe itikia, na ukishindwa, tulia tu. Uso wako ataupata hata taa zikiwa zimemmulika machoni. Usigune. Usitikise kichwa hadithi ikifika kwa mchungaji. Na baada ya yote, akishuka, usimrekebishe kwamba siku ile ilikuwa Jumapili na si Jumamosi, au kwamba pazia lilikuwa la kijani. Nawajua walimu. Mwambie umemsikia, mnunulie soda, muulize wenzake ni kina nani.

Ukisikia tumboni kwamba huwezi kumsikia akikutaja bila kuondoka katikati, basi safari hii usiende, ila umwambie mapema na umwambie ni kwa nini. Kiti kitupu alichokiwekea jina lako kitamuuma kuliko kukataliwa kwenye simu. Rai yangu lakini ni kwamba uende. Angetaka tu kukusema, angekusema usipokuwapo.

Na wewe msomaji mwingine mwenye ndugu wa namna hii nyumbani, niandikie. Jina lako sitalichapisha, wala la mji wako ukitaka lifichwe.