Kupima Nambari Kubwa Bila Kuzigawa: Kanuni za Ugawanyikaji na Utajaji wa Nambari kwa Kiswahili

Utangulizi

Mwanafunzi akiulizwa iwapo nambari ya tarakimu saba inagawanyika kwa 9 bila baki, aghalabu huanza kuigawa hatua kwa hatua. Kazi hiyo si ya lazima, kwani zipo kanuni fupi za kulijibu swali hilo. Hata hivyo, kanuni hizo hukaririwa bila sababu zake. Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba sababu hizo zimo katika namna nambari inavyotajwa, na kwamba Kiswahili kinatosha kuzieleza. Mifano mingi imetokana na Sensa ya mwaka 2019, ambapo Kaunti ya Kajiado ilihesabiwa watu 1,117,840 na mji wa Kitengela watu 154,436.

Tarakimu za mwisho

Mia moja hugawanyika kwa 4. Kwa hiyo mamia yote, elfu zote na milioni zote hugawanyika pia. Katika idadi ya Kitengela, kinachobaki kuchunguzwa ni 36 tu, ambayo ni 4 mara 9. Basi 154,436 inagawanyika kwa 4. Vivyo hivyo, elfu hugawanyika kwa 8, na kwa hiyo tarakimu tatu za mwisho zinatosha. 436 haigawanyiki kwa 8, ilhali 840 ya Kajiado inagawanyika, kwa kuwa ni 8 mara 105.

Jumla ya tarakimu

Kumi ni tisa na moja. Mia ni tisini na tisa na moja. Elfu ni mia tisa tisini na tisa na moja. Kila moja huacha baki la 1 ikigawanywa kwa 9. Ndiyo sababu jumla ya tarakimu huacha baki lile lile linaloachwa na nambari yenyewe. Kwa Kajiado, 1+1+1+7+8+4+0 ni 22, na 2+2 ni 4. Nambari hiyo haigawanyiki kwa 9, wala kwa 3.

Kanuni hii hufaa pia kuhakiki hesabu. Sensa iliorodhesha wanaume 557,098, wanawake 560,704 na huntha 38. Mabaki yao ni 7, 4 na 2. Jumla yake ni 13, yaani 4. Hilo ndilo baki la jumla kuu.

Pale kanuni ya 9 inaposhindwa

Ulinganifu huo si ithibati kamili. Ichukuliwe kwamba mfugaji wa Kajiado ameuza mbuzi watatu kwa shilingi 5,000, 5,500 na 6,500. Karani anatajiwa "elfu kumi na saba", naye anaandika 10,007 badala ya 17,000. Mfugaji anapunjwa shilingi 6,993, na kanuni ya 9 hailioni kosa hilo, kwa kuwa nambari zote mbili zina jumla ya tarakimu 8.

Hapa hufaa kanuni ya 11. Kumi ni kumi na moja kasoro moja. Mia ni tisini na tisa na moja. Elfu ni elfu moja na moja kasoro moja. Basi tarakimu hujumlishwa na kutolewa kwa zamu, kuanzia kulia. Kwa 17,000: 0-0+0-7+1 ni -6, ikiongezwa 11, baki ni 5. Kwa 10,007: 7-0+0-0+1 ni 8. Bei za mbuzi zina mabaki 6, 0 na 10. Jumla ni 16, yaani 5. Kosa limefichuka. Kwa upande wa lugha, kusema "kumi na saba elfu" kungaliondoa utata tangu mwanzo.

Makundi ya elfu

Utajaji huo una faida nyingine. 7 mara 11 mara 13 ni 1,001. Kwa hiyo elfu ni 1,001 kasoro 1. Idadi ya Kitengela husomeka "mia moja hamsini na nne elfu, mia nne thelathini na sita". 436 ikitolewa 154 hubaki 282, na 282 ikigawanywa kwa 7 huacha 2. Basi 154,436 haigawanyiki kwa 7.

Hitimisho

Aliyekariri kanuni huipoteza anapoisahau. Aliyeelewa sababu yake huweza kuiunda upya kwa kuitaja nambari polepole.

Zoezi: Bila kugawa nambari nzima, tafuta baki la 1,117,840 kwa 7, kisha ueleze kwa Kiswahili kwa nini kundi la milioni hujumlishwa, wala halitolewi.